Mguu Mmoja Umeoza, Mwenzake Mzima: Kisa cha Samani za Baraza Moja Tanga

Meza ilikuwa ya mtiki, na miguu yake miwili ilisimama upande uleule wa baraza. Ilikatwa na fundi mmoja, ikapakwa rangi ileile, ikanyeshewa mvua zilezile. Mguu wa kwanza nilipouchoma kisu kilizama hadi mpini. Wa pili nilipougonga ulilia vizuri, mgumu kama siku ulipotoka karakana. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila masika yakipita nasikia watu wakilalamika kwamba mbao za siku hizi hazidumu, na ninapokwenda kutazama, mara nyingi naona ubao ulionyimwa nafasi ya kukauka.

Nyumba iko Tanga mjini, karibu na bahari. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama wa watu, na baraza lake la nyuma ni la mita 6 kwa 3, sakafu ya vigae, nusu iko chini ya bati na nusu iko wazi. Ua wote umemwagwa zege, kwa hiyo alitaka masanduku ya kupandia mrehani, mchaichai na mchicha, pamoja na mahali pa kukaa jioni na wajukuu. Alinunua kwa awamu, kadiri kiinua mgongo kilivyoruhusu: kwanza benchi mbili za paini zilizong'arishwa kwa vanishi, kisha masanduku matatu ya paini, mwisho meza ya mtiki ambayo muuzaji alimwambia wajukuu watairithi. Masika ya tatu yalipomalizika, benchi moja ilikuwa imekatika, masanduku mawili yamefumuka, na meza inayumba.

"Paini naelewa, fundi," aliniambia. "Lakini mtiki? Si ninyi wenyewe mnasema mtiki hauozi?"

Nikaanza na meza, maana hapo ndipo palipokuwa na fumbo.

Niliipindua na kuikwangua kila mguu kwa ndani, mahali pasipoonekana. Chini ya rangi ya kahawia iliyokoza, mguu mmoja ulitoa rangi ya dhahabu yenye mistari. Mitatu iliyobaki ilikuwa na sehemu kubwa nyeupe, rangi ya maziwa yaliyochujuka. Rangi ya juu ilipakwa ili yote ifanane.

Mti ulio hai una sehemu mbili. Ile ya nje, karibu na ganda, ndiyo inayopandisha maji kutoka mizizini, na imejaa sukari na wanga. Ya ndani, kiini, imeacha kazi hiyo, na mti umeijaza mafuta na kemikali zake. Sifa zote za mtiki tunazozisikia, kwamba unastahimili mvua, kwamba mchwa wanaukimbia, ni sifa za kiini. Weupe wa mtiki ukiuweka nje kwenye unyevu unaoza upesi, hauna tofauti kubwa na paini. Mitiki imepandwa katika nchi yetu tangu enzi za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, na leo mashamba yanayojulikana ni Longuza kule Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na yale ya bonde la Kilombero. Shamba la mitiki hupunguzwa miti kabla ya mavuno makubwa ili iliyobaki inenepe. Miti inayotolewa mapema ni myembamba, na mti mwembamba una kiini kidogo na weupe mwingi. Mbao zake si mbaya. Kitanda, kabati au mlango wa ndani utadumu vizuri tu. Kosa ni kuzipaka rangi na kuziuza kwa bei ya kiini kwa mtu anayeziweka mvuani.

Hata hivyo weupe peke yake haukutosha kueleza. Sakafu ya baraza ina mteremko mdogo, lakini umekwenda upande usiofaa, kuelekea ukuta wa nyumba. Mvua ikinyesha, dimbwi linabaki miguuni pa meza upande wa ukuta mpaka jua la mchana. Miguu miwili ilisimama dimbwini, mmoja wa kiini na mmoja wenye weupe. Mweupe umeoza, wa kiini ni mzima. Miguu mingine miwili, yote yenye weupe, ilisimama upande ulioinuka, na yote ilikuwa mizima. Nilichomeka kipima unyevu: mguu uliooza ulizidi asilimia 30, wa kiini ulikuwa 19, na ile ya upande mkavu ilikuwa kati ya 15 na 16.

Sijawahi kuona meza inayofundisha vizuri hivyo. Weupe bila dimbwi haukuoza. Dimbwi bila weupe halikuozesha. Vilipokutana, mguu ukaisha.

Kuoza ni kazi ya fangasi, nao wanahitaji chakula, hewa, joto na maji. Tanga, kama pwani yote, joto na hewa vipo mwaka mzima, na chakula ni ubao wenyewe. Kinachobaki mikononi mwa fundi ni maji. Ubao uliokauka kivulini huku pwani hutulia karibu na asilimia 15 ya unyevu, na ukiwa chini ya 20 fangasi hawana pa kuanzia. Ukikaribia 30 na kubaki hapo, wanafanya karamu. Tena maji hayaingii sawa kila upande. Ubavu wa ubao huyanywa polepole, lakini kichwa chake, pale ulipokatwa kwa msumeno, kina matundu ya mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai, na hunyonya kwa kasi kubwa zaidi. Mguu wa meza ni ubao uliosimama kwa kichwa. Ukiusimamisha dimbwini, umeurudishia kazi yake ya zamani.

Mwalimu aliuliza kama chumvi ya bahari ndiyo iliyoleta uharibifu. Jirani zake wengi wanaamini hivyo. Chumvi ni adui wa misumari, na nitafika huko, lakini fangasi wa kuozesha haiwafurahishi. Mafundi wa majahazi wanalijua hili vizuri: maji ya mvua yanayotuama ndani ya chombo ndiyo yanayoogopwa kwa kuoza, na chombo kilichotelekezwa huanza kuoza juu, kule inakofika mvua. Ndiyo maana mbao za juu zilipakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka, na chini ya maji wakapaka deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama, ambayo kazi yake ni kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Kila sehemu ilipewa dawa ya adui wake. Sisi tunaotengeneza samani tumezoea kupaka vanishi moja kila mahali.

Na benchi ndizo zilizoonja ubaya wa vanishi hiyo. Vanishi angavu hupitisha mwanga wa jua, na jua huvunja ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za juu za ubao. Vanishi yenyewe inabaki nzima kwa muda, lakini kilichokuwa chini yake kimeshaachia. Inapasuka kidogo kwenye maungio, maji yanaingia kwa ufa, na sehemu iliyobaki inayazuia yasitoke. Kwa hiyo benchi inayong'aa inaweza kuwa imelowa ndani kuliko isiyopakwa chochote. Hizi za Mwalimu zilikuwa na mbao za kukalia zilizobanwa pamoja bila nafasi, maji yakatulia juu yake. Mbao zikavimba, zikakosa pa kwenda, zikajikunja kingo juu. Misumari ya kawaida ikashika kutu, ikanenepa, ikapasua tundu zake, na kila tundu likawa njia nyingine ya maji. Benchi ilikatikia hasa pale mguu ulipokutana na ubao wa kukalia, maana ndipo maji yalipokuwa yakijificha.

Masanduku nayataka niyaseme kwa kirefu, kwa sababu kosa lake nimeliona Dar, nimeliona Mombasa, na watu wanaendelea kulinunua kila siku.

Kila sanduku lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana 40 na kina 40. Ndani limetandikwa nailoni nyeusi iliyopigiliwa pini ukingoni, na chini nailoni imechanwa kidogo ili maji yatoke. Aliyelitengeneza alifikiri nailoni inaulinda ubao na udongo. Pini zile za ukingoni zilitoboa nailoni, maji ya kumwagilia yakawa yanapita nyuma yake, yakajikuta yamefungiwa kati ya nailoni na ubao, mahali ambapo hewa haifiki wala jua halifiki. Nilipoibandua, ubao wa ndani ulikuwa mweusi na laini ilhali nje bado una rangi nzuri. Chini, sanduku limekaa bapa juu ya vigae, na kigae kilichofunikwa hakikauki.

Kisha kuna uzito. Sanduku la vipimo hivyo linabeba karibu lita 190 za udongo. Udongo uliolowa una uzito wa kilo 1.6 hadi 1.8 kwa kila lita, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya kilo 300 zikisukuma mbavu za inchi moja zilizoshikwa na misumari iliyopigiliwa kwenye vichwa vya mbao. Msumari kwenye kichwa cha mbao hauna nguvu hata ubao ukiwa mkavu, sembuse umelowa. Masanduku yakavimba tumbo, kona zikaachia. Na kwa kuwa hayasogezeki, hakuna aliyewahi kuona chini yake mpaka mchwa walipopanda ukutani na vinjia vyao vya udongo kwenye lile lililo karibu na ufa wa zege. Mrehani wa Mwalimu ulikuwa umekufa zamani, mizizi imezama kwenye maji. Mchaichai ndio uliovumilia.

Lililonikera zaidi ni hili: nje na chini masanduku yalipakwa oili chafu ya gari, ati kwa ajili ya mchwa, na ndani yake mama huyu akapanda mchicha wa kula. Oili iliyokwisha kutumika ina mabaki ya metali na kemikali za kuungua ambazo hazifai kabisa kuwa karibu na chakula. Najua ni desturi, najua ni ya bei rahisi, na kwenye nguzo ya uzio wa shamba watu wataendelea. Kwenye sanduku la mboga ikome. Hali kadhalika mbao zilizoshindiliwa dawa ya kijani yenye shaba, kromu na arseniki, zile zinazotumika kwa nguzo za umeme. Marekani viwanda viliacha kuzitengeneza kwa matumizi mengi ya majumbani mwishoni mwa 2003. Mabaki yake yasipelekwe jikoni hata kidogo, moshi wake na majivu yake ni sumu.

Sasa ukarabati. Mwalimu alitarajia nianze na orodha ya mbao. Nilimwomba fedha ya kwanza iende kwenye sakafu. Vigae vya upande wa ukuta viling'olewa, mteremko ukapangwa upya wa sentimita moja na nusu kwa kila mita kuelekea nje, na ufa wa zege ukazibwa. Alisita, kwa sababu vigae havikaliwi, na bajeti ilikuwa ndogo. Lakini mtiki bora uliosimama dimbwini ni fedha iliyosimama dimbwini, na mguu wa meza yake mwenyewe ulikuwa ushahidi mezani.

Mbao tulinunua za mtiki wa shamba, na nilikwenda naye dukani ili achague mwenyewe. Tulitazama vichwa vya mbao kabla ya kutazama kitu kingine, kwa kuwa hapo weupe haufichiki, tukakwangua kwa wembe pale penye shaka, tukadai risiti na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Muuzaji alitupigia debe la mninga na mkongo. Ni mbao nzuri mno, na wazee wetu walizitumia pamoja na mvule kwa milango inayodumu vizazi. Ila ni miti ya msitu wa asili, inakua polepole, na benchi la kukalia jioni si sababu ya kutosha kuikata wakati mtiki wa shamba unafanya kazi hiyohiyo. Hilo ni shauri langu, na wapo mafundi ninaowaheshimu wasiokubaliana nami.

Fedha haikutosha kujenga vyote kwa kiini kitupu, kwa hiyo tuligawa. Miguu na fremu, vitu ambavyo vikioza samani yote imekwisha, vikawa kiini peke yake. Papi za kukalia, yaani vipande vyembamba vya ubao vinavyopangwa sambamba, ziliruhusiwa kuwa na weupe kidogo, zikawekwa upande wa weupe chini, kwa kuwa papi moja ikiharibika inafunguliwa na kubadilishwa bila kugusa nyingine. Kila papi ina upana wa sentimita 7, na kati yake nafasi ya milimita 7, ambayo hupitisha maji na takataka lakini haibani paja la mtu. Kingo za juu zilirandwa mviringo, maana rangi na mafuta havishiki kwenye ukingo mkali, na mtoto akianguka haumii sana.

Maungio yote ni ya ulimi na tundu, yaliyofungwa kwa vijiti vya mti mgumu badala ya misumari. Pale tundu lilipotazama juu, nilitoboa njia ndogo kutoka chini yake kwa drili, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Tundu lisilo na njia ni kikombe. Skrubu za papi zilipigwa kutoka chini, hazionekani wala hazikusanyi maji, nazo ni za chuma kisichoshika kutu. Zile za daraja la 316 ndizo zinazofaa hasa karibu na bahari, lakini upatikanaji ni mgumu. Za 304 zitapata madoa ya kahawia bila kukatika, na kwa kuwa ziko chini ya papi nilikubali.

Chini ya kila mguu nilifunga kipande cha plastiki ngumu cha sentimita moja, kidogo kuliko mguu wenyewe, na kichwa cha ubao juu yake kikapakwa rangi ya mafuta tabaka tatu kabla ya kufungwa. Kazi hii haigharimu karibu chochote, na kama msomaji atachukua jambo moja tu kutoka kwenye kisa hiki kwa samani alizonazo sasa, achukue hili.

Uso wa meza ulikuwa umepasuka katikati, na sababu yake ni tofauti na kuoza. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haubadiliki. Mtiki uliopasuliwa kwa bapa, yaani msumeno ukipita sambamba na pete za mti, hubadilika takriban milimita moja na nusu kwa uso wa sentimita 80 kila unyevu unapopanda au kushuka kwa asilimia moja. Kati ya kaskazi kavu na masika, kwa nje, asilimia 5 ni jambo la kawaida, kwa hiyo uso ule ulitaka kucheza milimita 7 au 8, huku umegandishwa kwa gundi kuwa kipande kimoja na kukazwa kwa skrubu kingo zote mbili. Niliupasua pale ulipotaka kupasuka wenyewe, nikazitenganisha mbao kwa nafasi, na kila moja ikashikwa kwa tundu refu linaloiruhusu kusogea. Miguu mitatu yenye weupe niliitoa yote, hata ile miwili mizima, kwa kuwa meza husogezwa na hakuna wa kuilinda isirudi palipolowa. Ule wa dhahabu ulibaki.

Masanduku hayakurudi kuwa masanduku. Ubao sasa ni vazi tu: fremu ya mtiki yenye papi, imesimama sentimita 5 juu ya sakafu, na ndani yake zinakaa ndoo nne za lita 20 za mafuta ya kula, zilizooshwa na kutobolewa chini. Udongo haugusi ubao popote, hewa inapita kati ya ndoo na papi, na mzigo wote umeshuka hadi karibu kilo 130. Ndoo moja inainuliwa na watu wawili. Mrehani ukitaka jua unahamishwa, mchicha ukivunwa ndoo inatolewa udongo ubadilishwe, na kila mara ndoo inapotoka, chini panaonekana, mchwa hawana siri. Mwalimu alihofia kwamba ndoo zitachungulia juu. Fremu tuliipandisha ikazizidi kwa vidole vitatu.

Tulibishana kuhusu kung'aa. Yeye alitaka vanishi, kwa sababu wageni wa Idi wakija samani ya kijivu itaonekana imechakaa. Mtiki ulioachwa mvuani na juani hugeuka kijivu, lakini kijivu hicho ni ngozi ya juu tu. Tulikubaliana: benchi na masanduku yaliyo sehemu ya wazi yabaki bila kitu, yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni mara masika yakiisha. Meza, ambayo sasa inakaa chini ya bati, ikapakwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kiasi kidogo na kufutwa, kwani mafuta yakibaki mazito huku pwani hushika kuvu nyeusi. Vitambaa vya kufutia nilivianika kimoja kimoja nje. Vikikunjwa na kurundikwa pembeni vinaweza kujiwasha moto vyenyewe, na karakana zimewahi kuteketea kwa sababu hiyo.

Masika yaliyofuata yalipokwisha nilirudi na kipima unyevu. Miguu ya benchi za wazi ilisoma 17 karibu na chini, ya meza 15. Papi moja ilikuwa imejipinda, ikabadilishwa. Kwenye sanduku la karibu na ule ufa uliozibwa niliona vumbi la udongo likianza kupanda ukutani, Mwalimu amelifuta kwa fagio kabla sijafika, na sasa anaitoa ndoo ya mwisho kila mwezi kutazama.

Benchi ya paini iliyobaki nzima hakukubali itupwe. Tumeikata miguu sehemu iliyolainika, ikawa fupi, tukaikwangua vanishi yote, tukafungua nafasi kati ya mbao. Inakaa ndani kabisa chini ya bati, karibu na mlango wa jikoni, na wajukuu ndio wanaoitumia.